Sura ya Saba: Watoto wa Ijumaa

Mwaka 1996 wenye nyumba na kampuni za Sandton waligoma kulipa kodi ya majengo. Ubaguzi wa rangi ulikuwa umefutwa, mipaka ya halmashauri za Johannesburg ilikuwa imechorwa upya, na Sandton, iliyokuwa manispaa yake yenyewe tangu 1969, ilijikuta imewekwa kapu moja na Alexandra, kitongoji cha watu weusi kilicho ng'ambo ya barabara kuu ya M1. Kodi ilipandishwa sana ili fedha za upande mmoja zikachimbe mitaro ya upande wa pili. Ugomvi huo ulifika Mahakama ya Katiba, na Oktoba 1998 majaji wakaamua kwamba kodi ile ni halali.

Naanza na kodi katika sura inayomhusu mchungaji wa vijana kwa sababu sioni njia nyingine ya kueleza ukumbi wake unavyokaa. Mahakama iliweza kuunganisha daftari za fedha. Kuwaketisha watoto wa pande hizo mbili pamoja Ijumaa jioni, wacheke kichekesho kimoja na waombeane bila kuoneana haya, ni kazi aliyoachiwa kijana wa miaka 27 mwenye gita na funguo za stoo.

Ijumaa ndiyo siku yenyewe. Kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni, kwenye makanisa mengi ya Sandton, ya Kibaptisti, ya Kimethodisti, ya Kianglikana na yale ya kiroho yasiyo na dhehebu kubwa nyuma yake, magari huingia yakishusha watoto wa sekondari. Kuna michezo ya kukimbizana, kuna nyimbo zenye ngoma na gita la umeme, kuna mahubiri ambayo yakizidi dakika 20 yameshapotea, kisha makundi madogo ya watu saba au wanane, na mwisho soseji za boerewors ndani ya mkate. Msomaji aliyelelewa na UKWATA au CASFETA, vyama vya wanafunzi Wakristo Tanzania, ataona mambo mengi anayoyafahamu, ila moja litamshangaza. Sisi tulizoea vijana kujiongoza wenyewe, mwenyekiti na katibu wakichaguliwa miongoni mwao, na mlezi akipita mara mojamoja kuangalia kama ukumbi umefungwa. Huko Sandton kuna mtu aliyeajiriwa. Ana meza ofisini, ana bajeti, na mwisho wa mwaka ana kikao cha kupimwa utendaji.

Ajira hiyo haina umri mkubwa. Mtindo wa kumlipa mtu ahubirie vijana peke yao ulishika kasi Marekani miaka ya 1940, wakati shirika la Youth for Christ lilipokuwa likijaza viwanja Jumamosi usiku na mhubiri Billy Graham, kabla hajawa jina la dunia, akiwa mfanyakazi wake wa kwanza wa kudumu. Kutoka huko ukasambaa pamoja na nyimbo, vitabu na kambi zake. Sandton, mahali panapopenda kila kazi iwe na mtaalamu wake, haikuhitaji kushawishiwa.

Na Sandton ni mahali pa kipekee kwa namna yake. Jina lenyewe lilishonwa kutokana na vitongoji viwili, Sandown na Bryanston. Zamani palikuwa na mashamba na farasi. Mwaka 1973 pakafunguliwa Sandton City, jengo la maduka. Mwaka 2000 soko la hisa la Johannesburg likahama kutoka Mtaa wa Diagonal katikati ya jiji likaja kukaa hapo. Na Juni 2010, siku chache kabla ya Kombe la Dunia, treni ya Gautrain ikaanza kuwaleta watu kutoka uwanja wa ndege kwa robo saa hivi. Watu wanapaita maili ya mraba yenye utajiri mkubwa kuliko zote Afrika. Kilomita chache mashariki iko Alexandra, iliyoanzishwa 1912, mahali ambapo Nelson Mandela alipanga chumba mwaka 1941 alipokuwa mgeni Johannesburg. Maelfu ya watu wa Alex huvuka M1 kwa miguu asubuhi kwenda kupika, kufagia, kulinda na kujenga Sandton. Oktoba 2015, wakati wa ujenzi wa daraja la kuwavusha hao wanaotembea na waendesha baiskeli pale Grayston, jukwaa la vyuma liliangukia barabara na kuua watu wawili.

Sasa weka watoto wa pande hizo mbili kwenye duara moja la viti vya plastiki.

Mmoja anasoma shule binafsi ambayo ada yake kwa mwaka hupita randi laki moja. Mwenzake wa kushoto ni mtoto wa mwanamke anayefanya kazi za ndani. Kima cha chini cha mshahara kuanzia Machi 2024 kilikuwa randi 27.58 kwa saa, na mtu aliyefanya saa 45 kila wiki bila kukosa mwaka mzima hakufikisha randi 65,000. Wote wako kidato cha mwisho, wanachokiita matric. Hata mtihani si mmoja: shule nyingi za kulipia hufanya ule wa bodi huru ya IEB, na za serikali hufanya wa wizara. Kwa mwaka 2024 waliofaulu wa serikali walikuwa asilimia 87.3, wa IEB zaidi ya asilimia 98. Mchungaji akisema, “Tuombee mitihani,” anaombea vitu viwili, na duara zima linajua.

Hata kuitwa kwake kunatofautiana. Watoto wa Sandton humwita kwa jina lake la kwanza, tupu, bila cheo, na hawakusudii utovu wa adabu. Ndivyo walivyolelewa, na ndivyo alivyojitambulisha mwenyewe. Wa Alex humwita Mfundisi au Moruti, kutegemea nyumbani wanasema Kizulu au Kisotho, na wengine huinamisha kichwa kidogo wakisema hivyo. Mzazi wa Kikenya au wa Kitanzania aliyehamishiwa Sandton na benki yake hushtuka mwanzoni. Nimewasikia wakilalamika: “Mchungaji, kweli umekubali mtoto wangu akuite kama rika lake?” Jibu la kweli ni kwamba akikataa atapata heshima ya wachache na kupoteza wengi. Kwa hiyo anaitika majina yote, na kwa kila jina analoitikia, kuna kitu tofauti anachotarajiwa kuwa: kaka kwa hawa, baba kwa wale.

Kuna wageni pia kati yao: Wazimbabwe, Wakongo, Wamalawi, Wanigeria. Mei 2008 mashambulizi dhidi ya wageni yalianzia Alexandra, yakaenea nchi nzima na kuua watu zaidi ya 60. Vijana wa leo hawakuwa wamezaliwa au walikuwa wachanga, lakini neno kwerekwere, tusi la kumwita mgeni, bado wanalijua. Mtoto wa mhasibu kutoka Lubumbashi anayeshushwa na gari la kifahari halisikii likielekezwa kwake. Mtoto wa fundi cherehani kutoka Lubumbashi hiyohiyo, anayeishi Alex, analisikia njiani akija kanisani. Nadhani hakuna somo la Ijumaa lililo gumu kulifundisha kuliko hilo, maana ukilifundisha kwa ujumla wote wanakubali, na ukilitaja kwa jina unamwumbua anayekaa pale.

Nimesema mchungaji huyu ana bajeti. Ukiipitia utadhani fedha nyingi huenda kwenye vyombo vya muziki. Kwa kweli jambo linalomnyima usingizi ni usafiri.

Kufika ni rahisi. Saa kumi na mbili jioni teksi za abiria, hizo ndogo tunazoziita daladala au matatu, bado ziko tele, na mtoto wa Alex anaweza kupunga kidole kwa ishara ya njia yake akapanda. Tatizo ni saa tatu usiku. Teksi zimepungua, msichana wa miaka 15 hawezi kuachwa barabarani, na Gautrain, ingawa kituo cha Marlboro ndicho kinachofuata baada ya Sandton na kiko ukingoni kabisa mwa Alexandra, ina nauli isiyo ya mtoto wa mama wa kazi za ndani. Wale wa Sandton wameshachukuliwa. Wamebaki watoto sita kwenye ngazi za kanisa na mchungaji mwenye gari la viti vitano.

Hapo ndipo taratibu za ulinzi wa mtoto zinapogongana na usiku wenyewe. Makanisa mengi yaliyojipanga yana kanuni kwamba mtu mzima asiwe peke yake na mtoto mmoja, ndani ya gari wala ofisini. Ni kanuni nzuri, imezaliwa na kashfa za kweli katika nchi nyingi, na hakuna mchungaji mwenye akili atakayeipinga. Lakini mzunguko wa kurudisha watoto huisha na mtoto wa mwisho. Watano wameshuka, mmoja amebaki, na nyumba yake iko uchochoro wa mbele zaidi. Ufumbuzi ni kuwa na mtu mzima wa pili garini mwanzo hadi mwisho, maana yake ni kiti kimoja kimepungua, maana yake ni safari mbili badala ya moja, maana yake mchungaji na mwanafunzi wa chuo aliyejitolea wanafika makwao karibu saa sita, na huyo wa kujitolea ana mtihani Jumatatu. Kanisa likikodi kombi kwa kila Ijumaa ya muhula, mzee mmoja wa kamati ya fedha atauliza kwa upole kwa nini kundi hili linagharimu zaidi kwa kila kichwa kuliko shule ya Jumapili. Swali hilo huulizwa na watu wema. Hawajawahi kusimama kwenye ngazi zile saa tatu usiku, basi.

Upande wa pili nao una milango yake. Kumtembelea kijana wa Sandton aliyekosa wiki tatu kunahitaji kibali: makazi mengi yamezungushiwa uzio wa umeme, getini kuna mlinzi, na mlinzi anataka namba ya siri ambayo mwenyeji amekutumia kwa simu. Zile ziara za ghafla ambazo mchungaji wa Mbeya au Kakamega anazitegemea, za kupita tu na kuulizia hali, hapo hazipo. Huwezi kupiga hodi mahali ambapo mlango uko mita mia tatu nyuma ya geti. Kwa hiyo anayetaka kumtembelea kijana aliyezama kwenye huzuni lazima kwanza amwombe kijana huyohuyo amtumie namba ya kuingilia.

Huzuni ipo, na hapa inabidi tukae kidogo.

Mtoto wa miaka 15 akimwambia mchungaji wake jambo zito, husema kwanza, “Usimwambie mtu.” Mchungaji mpya, asiye na mafunzo, huahidi. Ahadi hiyo hana haki ya kuitoa. Sheria ya Watoto ya Afrika Kusini, namba 38 ya 2005, katika kifungu cha 110 inaorodhesha watu wanaolazimika kutoa taarifa wakiwa na sababu za msingi za kuamini kwamba mtoto ameumizwa mwili, amedhulumiwa kingono au ametelekezwa kwa makusudi. Kwenye orodha hiyo, pamoja na mwalimu, daktari na muuguzi, wamo wahudumu wa dini na viongozi wa dini. Taarifa inapelekwa kwa shirika la ulinzi wa watoto, idara ya maendeleo ya jamii au polisi. Kumweleza mchungaji kiongozi peke yake na kuombea hakutoshi, hata kama anayetuhumiwa ni mzee wa kanisa anayetoa zaka kubwa. Hasa kama ni yeye.

Kwa hiyo wachungaji wa vijana waliofundwa vizuri hulitamka mapema, kabla ya siri yoyote kutolewa: nitakutunzia mengi, ila ukiwa unaumizwa, ukiwa unataka kujiumiza, au ukiwa unamuumiza mwingine, nitalazimika kumshirikisha mtu. Wengine hunyamaza wakisikia hivyo na kuondoka na siri yao. Wengi hurudi. Namba ya simu ya msaada kwa watoto ya Childline, 116, na ya SADAG, shirika la Johannesburg linalohudumia watu wenye sonona na wasiwasi tangu 1994, zinabandikwa hadi kwenye milango ya choo, mahali ambapo mtu anaweza kuzinakili bila kutazamwa.

Sheria hizi zilipata kuwa na kioja chake. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya 2007 ilifanya hata busu la hiari kati ya watoto wawili wa miaka 12 hadi 15 kuwa kosa la jinai, na kifungu cha 54 cha sheria ileile kikamtaka kila anayejua kosa la kingono dhidi ya mtoto atoe taarifa polisi. Lisome hilo ukiwa mchungaji wa vijana uliyerudi kutoka kambini na watoto themanini. Oktoba 2013, katika kesi iliyofunguliwa na Teddy Bear Clinic, kituo kinachohudumia watoto waliodhulumiwa, Mahakama ya Katiba iliona vifungu vile vinawadhuru watoto ambao vilidai kuwalinda, na 2015 Bunge likarekebisha sheria. Makanisa mengine hayakuipenda hukumu hiyo. Yalihofu itachukuliwa kama ruhusa. Mimi naona iliwapa wachungaji nafasi ya kuzungumza na vijana kuhusu mapenzi bila kuwa wapelelezi.

Lakini haikuondoa kizungumkuti kingine. Sheria ya nchi inamruhusu mtoto kuanzia miaka 12 kupewa njia za uzazi wa mpango bila mzazi kujua, na sheria ya 1996 inamruhusu msichana kutoa mimba bila idhini ya mzazi. Anashauriwa tu azungumze na wakubwa wake. Kanisa linafundisha vingine, mzazi anaamini vingine, na msichana anayajua yote matatu. Anapomjia mchungaji, au mara nyingi zaidi mwanamke kijana anayesaidia kuongoza kundi lake, anakuja kwa mtu ambaye hana mamlaka ya daktari, wala ya mama, wala ya askari. Ndiyo maana amemchagua. Na Jumapili asubuhi, kwenye maegesho, mama yake atamshika mchungaji mkono na kuuliza kwa tabasamu: “Mwanangu anakuamini sana. Hebu niambie, ana shida gani?”

Swali hilo la maegesho ndilo kiini cha kazi yote. Mshahara wa mchungaji unatoka kwenye sadaka za wazazi. Watoto hawatoi sadaka ya kuendesha ofisi. Wanatoa imani yao. Sandton ina mazoea ya kununua huduma na kudai taarifa ya maendeleo, na wazazi wengi ni mawakili, wahasibu na wakurugenzi wanaojua kuandika barua pepe saa tano usiku yenye nakala kwa mkubwa wako. Wanataka mtoto asivute sigara za kielektroniki, asinywe, asikae na simu usiku kucha, apate alama nzuri, na ampende Yesu, takriban kwa mpangilio huo. Sisemi kwa kejeli. Wengi wao hutoka nyumbani gizani na kurudi gizani, na wamegundua kuna mtu mmoja mzima ambaye mtoto wao bado anaongea naye. Wivu wao naweza kuuelewa. Mchungaji mwenye busara humwambia mzazi habari ambazo mtoto amekubali zisemwe, na kazi yake kubwa wiki nzima ni kumshawishi mtoto aziseme mwenyewe, mezani kwao, mchungaji akiwepo kama atahitajika.

Wakati mwingine shida inatoka nje kabisa ya ukumbi. Februari 2019 mchungaji Alph Lukau alionekana kwenye video akimwamuru mtu aliyelala ndani ya jeneza ainuke, na mtu yule akakaa. Kanisa lake, Alleluia Ministries, liko Kramerville, Sandton humohumo. Kampuni za mazishi zilisema zimetumiwa kwa hila na kutangaza kuchukua hatua za kisheria. Kanisa likaja kusema mtu huyo alikuwa tayari yu hai alipofikishwa. Tume ya kikatiba inayosimamia haki za jamii za kidini ililaani tukio. Vijana nao, kuanzia Johannesburg hadi Nairobi, walijirekodi wakifufuka kutoka kwenye masanduku, vitanda na buti za magari, wakipeana changamoto mtandaoni. Video hizo zilichekesha kwelikweli. Kwa mchungaji wa vijana aliyekuwa na ibada Ijumaa iliyofuata ilikuwa balaa, maana msichana aliyefiwa na baba yake Desemba hakuwa akicheka, na swali lake lilikuwa la dhati: kama Lazaro aliinuka na huyu ni uongo, nitajuaje? Somo lililokuwa limepangwa kuhusu urafiki liliwekwa kando katika kumbi nyingi.

Mwaka uliofuata kumbi zenyewe zikafungwa. Usiku wa Machi 26, 2020 Afrika Kusini iliingia kwenye marufuku ya kutoka nje, na Ijumaa ikahamia kwenye simu. Watoto wa Sandton walikuwa na intaneti ya waya nyumbani na chumba cha kufunga mlango. Wa Alex walikuwa na bando linaloisha katikati ya maombi na wadogo zao watatu kitandani nyuma yao, wakionekana kwenye kamera. Wengi walizima kamera, kisha wakaacha kuja. Makanisa yaliyowabakiza yalifanya jambo lisilo na fahari yoyote: yalinunua bando, yakatuma masomo kwa sauti kwenye WhatsApp badala ya video, na yakapeleka vyakula Alexandra kwa kisingizio cha kupeleka vijitabu. Mgao wa umeme, uliofikia ubaya wake mkubwa 2023, ulimfunza mchungaji huyohuyo kuhubiri bila kipaza sauti. Wengine wanasema vijana walisikiliza vizuri zaidi gizani, nami sioni sababu ya kuwabishia.

Na yeye mwenyewe anaishije? Mara chache anaishi Sandton. Kodi ya nyumba haimruhusu. Anapanga Randburg au Midrand na wenzake wawili. Anasoma usiku, mara nyingi kwa masafa, na kazi za chuo huandikwa siku ya Jumatatu, ambayo kwa karatasi ni siku yake ya mapumziko. Jumanne kuna kikao cha watumishi ambako idadi ya Ijumaa iliyopita husomwa mbele ya wote. Jumatano hupita shule moja au mbili kwenye vikundi vya Wakristo wakati wa mapumziko ya chakula. Alhamisi ni maandalizi. Jumamosi asubuhi anasimama pembeni ya uwanja akitazama raga ya kijana ambaye baba yake yuko safarini Dubai, na mchana anakwenda Alex kwenye msiba. Jumapili anacheza gita ibada zote mbili. Akioa, mke wake ataulizwa kwa furaha ni huduma gani ataongoza.

Wengi hawadumu. Nafasi hii imezoeleka kuwa ngazi ya kupandia uchungaji mkubwa, na kanisa lenyewe humwona kama mwanafunzi hata afikishe miaka kumi kazini. Mwenye kipaji cha kukaa na watoto hupandishwa cheo hadi mahali asipokutana nao tena. Anapoondoka, utaratibu unamtaka awaage hadharani, amtambulishe mrithi wake, na asiendelee na mazungumzo ya faragha ya simu na walio chini ya miaka 18. Ni utaratibu sahihi. Kwa kijana aliyezoea watu wazima kuondoka, ni mtu mzima mwingine aliyeondoka.

Wale waliomaliza matric ndio hubaki na namba yake, kwa kuwa wameshakuwa watu wazima. Simu zao huja kuanzia Januari, matokeo yakishatoka. Wa Sandton anapiga kutoka Cape Town au Stellenbosch, anaulizia kanisa zuri karibu na chuo. Wa Alex anapiga kuuliza kazi. Katika robo ya kwanza ya 2024, takwimu za taifa zilionyesha asilimia 45.5 ya vijana wa miaka 15 hadi 34 walio kwenye soko la ajira hawana kazi, na cheti kizuri cha matric bila mtu wa kukushika mkono hakifiki mbali. Mchungaji huyu hana kampuni. Alichonacho ni daftari la simu za wazazi: yule wa benki, yule wa bima, yule wa ofisi ya sheria Mtaa wa Maude, na yule mzee wa kamati ya fedha aliyeulizia gharama ya kombi.

Tangu 2018 kuna mpango wa kitaifa uitwao YES, ambapo kampuni ikimpa kijana mweusi asiye na ajira nafasi ya miezi 12 ya kazi yenye mshahara hupata alama kwenye daraja lake la uwezeshaji wa weusi kiuchumi. Wakurugenzi wa Sandton wanazihitaji alama hizo. Wachungaji kadhaa wamejifunza masharti yake kwa moyo kuliko wanavyokikumbuka Kiebrania cha chuoni, na Februari, wakati vijana wapya wanajiandikisha kwa mwaka mpya wa Ijumaa, wao wako kwenye simu wakiwapigia akina baba mmojammoja, wakiwasomea majina ya waliokuwa wakikaa duara moja na watoto wao.